Nusu Kidonge, Ukibanwa Tu

Dada yangu alikuwa na duka la dawa Bunda, upande wa Kabasa, na ni yeye aliyenipa vile vidonge. Sikwenda kwa daktari. Ukiwa na dada mwenye duka la dawa, daktari wa nini?

Wasiwasi wangu haukuwa wa kutisha. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea Iringo, Musoma mjini, na kazi yangu kubwa ni sare za shule na magauni ya sherehe. Kitambaa cha gharama nakikata bila mkono kutetemeka. Lakini simu ikiita, kabla sijaitazama nimeshazika mtu. Mteja akisema "kesho nitakuja tuongee", usingizi umekwisha. Nikitakiwa kusimama mbele za watu na kusema hata jina langu, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa. Mume wangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki, alishanizoea. Alikuwa akinitania kwamba nikikosa jambo la kuogopa huwa naenda kuazima kwa jirani.

Dada yangu hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Siku moja nilimtembelea dukani, simu yangu ikaita, nikaruka kwenye benchi kama nimekanyaga kaa la moto. Akanitazama, akanivuta nyuma ya makabati, akaniwekea mkononi karatasi ya vidonge.

"Nusu kidonge, ukibanwa tu. Ukitulia, unaacha."

"Ni vya nini?"

"Haloperidoli. Wanapewaga vichaa." Aliona nimemtolea macho. "Usinitazame hivyo. Wao wanapewa nyingi, wewe nusu. Panado si ya homa? Mbona unamezaga hata mguu ukiuma?"

Dada alinizidi umri kwa mbali, ndiye aliyenibeba mgongoni tukiwa Murangi, wakati mama akianika dagaa ufukweni. Akisema jambo, mimi hufuata. Nikaweka vidonge kwenye pochi.

Vilifanya kazi. Hilo lazima niliseme, maana baadaye kila mtu alitaka nikiri kwamba nilikuwa mjinga. Mara ya kwanza nilimeza kabla ya kwenda kuonana na mwalimu mkuu mmoja kuhusu sare, na nilikaa mbele ya meza yake nikazungumza kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Moyo ulikuwepo, lakini ulikuwa chumba cha pili. Nikatoka nimepewa kazi. Tangu hapo nikawa nameza kabla ya msiba, kabla ya harusi, kabla ya mteja mkali, kabla ya kwenda kumsalimia mama. Vikiisha, nampigia dada, ananitumia kwa watu wanaotoka Bunda. Mume wangu hakujua. Angeuliza maswali, na maswali yalikuwa ndiyo yananipa wasiwasi.

Baada ya miezi kadhaa miguu ilianza kukataa kutulia. Nikikaa kwenye cherehani, baada ya muda mfupi lazima ninyanyuke nizunguke chumba, nirudi, ninyanyuke tena. Ndani ya mifupa kulikuwa na kitu kinachonisukuma. Nikajua wasiwasi umeongezeka, umeshuka miguuni. Nikampigia dada.

"Basi ongeza nusu," akasema, huku nikimsikia anahudumia mtu mwingine.

Nikaongeza. Miguu ikazidi. Nikaongeza tena. Leo najua kwamba ile dawa ndiyo iliyokuwa inanitembeza, na kwamba nilikuwa nauzima moto kwa mafuta ya taa. Wakati ule sikuwa na wa kuniambia hivyo.

Binti wa dada alipata mchumba, kijana wa familia inayoheshimika Butiama. Dada alikuwa mjane, na alimsomesha yule binti kwa jasho. Ndoa hii kwake ilikuwa kama cheti cha kuonyesha kwamba hakushindwa. Aliandaa sendofu kwenye ukumbi mmoja Kabasa, akaniambia mimi ndiye nitakayesimama kama mama mdogo, nimfunike binti kitenge na nitoe maneno ya kumuaga.

"Dada, mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Nina mdogo wangu mwingine unayemjua? Si vidonge unavyo."

Nilimeza asubuhi. Nikameza tena mchana, nikivaa. Tulipofika ukumbini nikaona viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na watu wa Butiama wamekaa mstari wa mbele, wazee kwa wake zao. Nikaenda chooni nikameza kimoja kizima, bila maji.

Jioni jua likiwa bado linapenya kwenye madirisha ya ukumbi, mshereheshaji akaniita. Nikasimama. Nikashika kipaza sauti. Nilianza vizuri. Nikasema, "Mwanangu, leo tunakuaga," na nikahisi kama kidole kinanichoma nyuma ya sikio la kushoto. Halafu shingo ikaanza kugeuka.

Sikuigeuza mimi. Iligeuka yenyewe, polepole, kama mtu anakaza nati. Kidevu kikaelekea begani, kisha juu. Macho nayo yakapanda yakagoma kushuka. Nilikuwa naona mapambo ya dari, riboni za bluu na nyeupe, na puto moja lililokuwa limeanza kunywea. Nikajaribu kuendelea na hotuba. Ulimi ulikuwa umekuwa mnene, ukatoka nje ya meno, na kipaza sauti kikachukua ile sauti kikaipeleka kwenye spika zote.

"Mama mdogo," mshereheshaji akasema, "unamtafuta nani huko darini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nawalaumu kidogo tu. Ukimwona mtu aliyepambwa vile anaangalia dari akitoa ulimi, utacheka kwanza, utaogopa baadaye. Walipoanza kuogopa, viti vya mbele vikasogea nyuma. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba ni pepo. Mwingine akanivua mtandio akasema nipate hewa. Simu zilikuwa juu, zinachukua. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Hicho ndicho watu hawaelewi. Nilisikia kila neno, na nilijua kila aliyelisema.

Dada alikuja. Kwa pembe ya jicho nilimwona anavyonitazama, na nikamwona anaelewa. Alikuwa amesomea mambo ya dawa, na aliijua hiyo hali kama mimi ninavyolijua pindo lililoshonwa vibaya. Nikashukuru Mungu. Nikasema moyoni, sasa atawaambia.

Akamgeukia mshereheshaji. "Weka muziki," akasema.

Wakanitoa kwa mlango wa nyuma, mume wangu akinishika upande mmoja, wakanilaza kwenye mkeka karibu na masufuria ya pilau. Mgeni mmoja aliyekuwa muuguzi akatufuata, akapiga magoti, akauliza swali sahihi.

"Kuna dawa yoyote anatumia?"

Mume wangu akasema hajui. Akamtazama dada yangu.

"Hapana," dada akajibu. "Huyu alikuwaga hivi toka mtoto. Humpanda, humshuka."

Nilijaribu kusema hapana. Ikatoka sauti kama ya mbuzi. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma, na dada akarudi ukumbini, kwa sababu ulikuwa muda wa keki.

Kwenye kituo cha afya walichonipeleka, wahudumu waliambiwa, kwa maneno ya dada, kwamba mimi ni mgonjwa wa akili, ugonjwa umeamshwa na kelele za muziki. Nikawa najikunja, maana mgongo nao ulikuwa umeanza kuvuta. Wakanifunga mikono kwa kile kitenge nilichotakiwa kumfunika binti, wakanichoma sindano ya kunituliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa dawa ileile. Taya zikajifunga. Mate yakawa yananitoka upande mmoja, na mume wangu, mtu ambaye hanyooshi hata shati lake mwenyewe, alikaa kando ya kitanda akiyafuta kwa mkono wa kanzu yake hadi kukapambazuka.

Asubuhi alikodi gari akanipeleka Musoma. Pale hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke wa makamo. Hakumsikiliza mume wangu hadi mwisho. Aliinama hadi uso wake ukawa mbele ya macho yangu, kule yalikokwama.

"Mama, unanisikia? Kama unanisikia, binya mkono wangu."

Nikabinya.

"Kuna dawa umemeza? Binya."

Nikabinya. Nadhani nilimuumiza. Tangu ukumbini, hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi.

Alinichoma sindano. Ilifanya kazi upesi, hata chai isingepoa. Shingo ikalegea, taya zikaachia, macho yakashuka nikaona ukuta, nikaona mume wangu. Alikuwa amezeeka.

"Dada alijua," nikasema. Ndiyo maneno yangu ya kwanza.

"Alijua nini?"

Nikamweleza. Akaenda nje, akarudi. Hakunikemea. Alisema tu, "Na mimi uliniacha nikae pale kama gogo." Akaenda kutafuta chai.

Daktari alinieleza kwa maneno mepesi. Misuli ilikaza kwa sababu ya dawa, na miguu yangu kutotulia kulitokana nayo pia. Ni dawa nzuri kwa wanaoihitaji, wapo watu wanaoishi kwa sababu yake. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa wa kawaida, wa kuzungumzwa na kufundishwa namna ya kuubeba. Alisema nirudi kliniki kila baada ya muda. Kisha akauliza nani aliniandikia. Nikasema nilinunua tu mahali. Nilimkinga dada yangu, huku alama za kitenge zikiwa bado mkononi.

Video ilifika Musoma kabla yangu. Waliitilia muziki. Nilipofungua chumba cha kushonea, wanafunzi wa sekondari walipita mlangoni wakiwa wamegeuza shingo juu, wanasukumana kwa kicheko. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho sikuwa nimekikata, akasema amebadilisha mshono. Mume wangu akaniambia niende Murangi kwa mama nikapumzike, upepo upite.

Mama alinipokea kwa namna yake. Aliniangalia shingo, akaigusa kama anavyogusa papai sokoni, akasema, "Imerudi. Basi kakoroge ugali." Mama hakuwahi kuwa mtu wa kukumbatia. Nilipoolewa na Mwislamu na kubadili dini, hakugomba. Aliacha tu kutaja jina langu kwenye sala ya chakula, ambayo aliisali kwa sauti ili nisikie.

Nikiwa bado kwake, dada akaja kutoka Bunda akiwa amevaa nguo za heshima. Hakunisalimia vizuri. Aliingia chumbani na mama, wakanong'ona, kisha mama akatoka.

"Watu wa Butiama wanakuja mchana," akasema. "Wameiona hiyo sinema yako. Wewe kaa jikoni upike. Usitoke."

Nilipika sato kwa nyanya na ugali wa muhogo. Jiko la mama limeshikana na sebule, na ukuta wake haufiki juu, kwa hiyo moshi na maneno hupita vyote. Walikuwa mshenga na wazee wawili wa upande wa kijana. Walisalimia, waliulizana habari za ziwa na mvua. Kisha mzee mmoja akakohoa.

"Mama, hatukuja kwa ubaya. Lakini kwetu kuna kuuliza. Yule aliyeanguka ukumbini ni nani wenu? Kama kuna ugonjwa wa akili kwenye damu, ni vizuri tujue kabla wajukuu hawajazaliwa."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilidhani dada atasema sasa. Hapa hapakuwa na muziki wala keki. Ilikuwa ni sentensi moja tu: alimeza dawa, dawa ikamkataa.

Aliyejibu ni mama.

"Yule sikumzaa mimi."

Mama akaendelea kwa sauti ileile anayotumia kueleza bei ya dagaa.

"Marehemu mume wangu alimpata nje. Mama yake alifariki akimzaa, akaletwa hapa kichanga, nikamlea kwa huruma. Huo ugonjwa ni wa huko kwao. Hata dini si yetu, mmeona mtandio. Huyu hapa ndiye niliyemzaa, na bibi harusi ni wa kwake. Damu hii ni safi."

"Ni kweli?" mshenga akamuuliza dada.

"Ndivyo ilivyo," dada akasema.

Wazee wakapumua. Nikasikia viti vikilia. Mmoja akasema pole kwa mzigo, mama akasema mzigo wa Mungu haulaumiwi. Kisha dada akaja mlangoni mwa jikoni kuchukua chakula. Nilimpa sinia. Tulitazamana juu ya sato. Macho yake yalikuwa makavu. Alisema kwa midomo tu, bila sauti, "Chumvi?" Nikaitikia kwa kichwa.

Walikula vizuri. Mzee wa Butiama akasifu.

"Nani amepika hivi?"

"Dada wa kazi," mama akasema.

Walipoondoka nilitoka jikoni. Mama alikuwa anafuta meza.

"Mama, ulinizaa au hukunizaa?"

"Usiniulize ujinga." Hakuacha kufuta. "Nilikuzaa ukitanguliza miguu, nusura uniue. Mkunga aliyekutoa yupo hai, nenda kamuulize."

"Basi kwa nini?"

"Wewe umeolewa tayari, una kazi yako, una mume. Hicho nilichokisema hakikupunguzii hata unywele. Sasa ulitaka mjukuu wangu arudishwe kwa ajili ya shingo yako?"

Nikamgeukia dada. "Ungesema tu ni dawa."

"Niseme mimi ndiye nampa mdogo wangu dawa za vichaa bila cheti cha daktari?" akasema. "Wafunge duka, na harusi ife? Fikiria wewe mwenyewe. Shingo si imerudi? Duka likifungwa halirudi."

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa na mantiki. Hawakukasirika, hawakuwa wamelewa, hawakunichukia. Walikaa wakapiga mahesabu ya nani anaweza kupotea bila hasara kubwa, jibu likawa mimi. Nilifunga mzigo wangu mchana uleule. Mama alinipa dagaa wakavu kwenye mfuko, wa mkwewe.

Magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi yalikuwa kwangu, nilikuwa nimeyaanza kabla ya sendofu. Dada alituma ujumbe kwamba atakuja kuyachukua, na kwamba itakuwa vizuri nisionekane Butiama siku ya harusi, "kwa ajili ya amani". Mume wangu alisema niyarudishe yakiwa vipande. Niliyamaliza. Si kwa wema. Nilitaka siku nzima ile wavae kazi ya mikono yangu, ikiwabana kiunoni, wacheze nayo, wapige nayo picha, na dada aione kila anapogeuka. Alipokuja kuyachukua aliyakagua mshono mmoja mmoja, akatafuta kosa, hakulipata. Akasema, "Mungu akubariki." Nikasema amina. Tangu siku hiyo tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu, kwa ujumbe.

Binti alinipigia mara moja tu, baada ya fungate. Alilia. Alisema mama yake alimwapisha asiseme kitu. Nikamwambia asiseme kitu. Angesema ingesaidia nini?

Kliniki nilikwenda, na bado nakwenda. Kuna mwanamke pale ananifundisha kupumua, na kuniuliza maswali ambayo majibu yake siyapendi. Wasiwasi haukuondoka. Simu ikiita bado naruka. Tofauti ni kwamba sasa naruka mbele ya mume wangu, naye anaipokea kwanza, anasema "mzima, hajafa mtu", ndipo ananipa. Wateja walirudi wengi wao, kwa sababu watoto wanaendelea kukua na sare zinaendelea kupasuka. Video ilisahauliwa ilipokuja nyingine ya mtu mwingine.

Mwaka huu, kabla ya sikukuu, mwanamke wa makamo aliingia chumbani kwangu na kitambaa cha zambarau. Alisema ametoka Butiama kuja kumwona daktari wa macho, na ameelekezwa kwa fundi mzuri. Nilimtambua kabla hajamaliza kukaa. Alikuwa mstari wa mbele kwenye ukumbi, mama mkwe wa binti yetu. Naye akanitambua nilipoinua mkanda wa kupimia. Uso wake ukabadilika, nikajiandaa kumwona anachukua kitambaa chake.

Badala yake akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lilikuwa baya.

"Mwanangu, sikupata nafasi ya kukupa pole," akasema. "Tulielezwa habari za mama yako. Kufa akikuzaa, na wewe kulelewa na mama wa kambo. Hilo peke yake linatosha kumsumbua mtu akili. Pole sana."

Mlango ulikuwa wazi, pikipiki zinapita. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia kwamba mama yangu yupo Murangi, mzima, juzi tu alipiga simu akitaka nimshonee gauni la kanisani lenye mifuko miwili. Binti alikuwa mjamzito, nilisikia.

"Nimeshapoa, mama," nikasema. "Simama wima nikupime."